Mpira wa maji wenye hita: shajara ya kuandaa karavani kwa baridi

Kazi yenyewe

Karavani iko tayari kwa majira ya baridi isipokuwa kwa jambo moja, maji. Gesi ipo, madirisha yana vioo viwili viwili, sakafu imewekewa sponji ya kuzuia baridi. Tatizo ni zile mita chache kati ya koki ya kambini na tundu la kuingizia maji ubavuni mwa gari. Hapo mpira unalala nje usiku kucha, na maji yaliyosimama ndani yake yakifika nyuzi 0 yanaganda. Yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na kitu cha kwanza kushindwa kuhimili hilo huwa ni kile chenye gharama kubwa zaidi kubadilisha.

Kabla ya kununua chochote nimejiuliza kama tunauhitaji mpira wenye hita kweli. Anayelala usiku mmoja au miwili hauhitaji. Anajaza tangi la ndani mchana, anafunga koki, anamwaga maji yote yaliyo kwenye mpira, anaukunja na kuurudisha ndani, halafu pampu ya volti 12 inafanya kazi iliyobaki. Njia hiyo ni rahisi na haili umeme wa ziada. Sisi tunakusudia kukaa wiki kadhaa mahali pamoja, na mke wangu amekwisha sema waziwazi kwamba hatatoka nje kwenye theluji kila asubuhi kuunganisha mpira uliokakamaa. Ana haki. Kwa hiyo mradi unaendelea.

Urefu

Leo nimepima njia. Nimetumia kamba, nikaipitisha pale mpira utakapopita hasa: chini ya ngazi, kuzunguka gurudumu, kupanda hadi kwenye tundu. Kupima kwa macho kwa mstari ulionyooka hakusaidii, kwa sababu mpira wa aina hii ukipata baridi unakuwa mgumu na hauwezi kupigwa kona kali.

Mipira hii huuzwa kwa urefu uliokwisha pangwa, mara nyingi futi 15, 25 na 50, yaani kama mita 4.6, 7.6 na 15. Huwezi kuukata uufupishe, kwa kuwa waya wa joto unapita ndani yake mwanzo hadi mwisho. Wala huwezi kuununua mrefu kisha ziada ukaiviringisha chini ya gari. Sehemu zilizolaliana zinapashana joto, sponji inazuia joto hilo kutoka, na hapo waya unaungua au ngozi ya mpira inayeyuka. Maelekezo ya watengenezaji yanakataza jambo hilo, nami nimeamua kulichukulia kama sheria.

Kamba yangu imetoa zaidi kidogo ya mita 6, kwa hiyo tunachukua futi 25. Ile mita na ushee inayobaki itapita kwa kupinda taratibu ardhini, bila kujilalia.

Watti, na ile namba kubwa kwenye boksi

Boksi zinashindana kwa namba moja: mpira huu unahimili hadi nyuzi 29 chini ya sifuri, ule hadi 40 chini ya sifuri. (Hiyo 40 ndiyo pekee ambapo Selsiasi na Farenhaiti husoma sawa, kwa hiyo angalau hapo hakuna wa kukuchanganya.) Namba hizo zinahusu mpira wenyewe. Hazisemi lolote kuhusu koki uliyoufunga, wala kuhusu vipande vya chuma unavyoongeza katikati.

Nimefanya hesabu ili nijue tunacheza na nini. Mpira wa futi 25 wenye kipenyo cha ndani cha nusu inchi unabeba karibu lita 1 ya maji. Tuseme umeme umekatika usiku na mpira unapoteza joto kwa kasi ya watti 90. Kuishusha lita hiyo kutoka nyuzi 5 hadi 0 kunahitaji kuondoa kilojuli 21 tu, kazi isiyofika dakika 4. Lakini kuigandisha yote hadi katikati kunahitaji kuondoa kilojuli 334 zaidi, na hiyo ni kama saa nzima. Kwa hiyo umeme ukipepesa kidogo hakuna hasara. Ila ukikatika saa nane usiku na wewe umelala, asubuhi utakuta kijiti cha barafu cha mita saba na nusu.

Upepo nao una habari yake. Haushushi halijoto ya mpira chini ya ile ya hewa, ila unalibeba joto haraka zaidi, na mpira uliotosha kwenye usiku mtulivu wa nyuzi 20 chini ya sifuri unaweza kuzidiwa usiku wa upepo ingawa hewa yenyewe ni ile ile. Ndiyo maana nataka nafasi ya ziada kwenye uwezo wa hita, japo sioni sababu ya kuilipia ile ya 40 wakati tunakokusudia kwenda hakufiki huko.

Aina za waya wa joto

Zipo mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni waya wa nguvu isiyobadilika: ukiwaka, unatoa watti zake zote mpaka uzimwe. Aina hii inahitaji themostati, yaani kifaa kinachouwasha na kuuzima kulingana na joto. Ya pili hujirekebisha yenyewe. Kati ya nyaya zake mbili kuna plastiki iliyochanganywa na kaboni. Ikipoa inasinyaa, njia za umeme ndani yake zinaongezeka na joto linapanda. Ikipata joto, njia hizo zinapungua na watti zinashuka. Uzuri wake ni kwamba kila sehemu inajipimia yenyewe, kipande kilicho kivulini na kilicho juani havisumbuani.

Kwenye mipira iliyounganishwa kiwandani, niliyoikuta mingi ni ile ya nguvu isiyobadilika yenye themostati, ambayo huwashwa joto linaposhuka karibu na nyuzi 3 hadi 7 na kuzima likipanda. Hapo swali linahamia kwenye themostati: imekaa wapi? Ikiwa iko kwenye ncha inayoingia ndani ya kisanduku cha huduma cha karavani (kile chenye viungio vya maji), palipo na joto, itaridhika na kuzima hita huku mita sita za nje zikiganda. Ikiwa iko upande unaopigwa na jua la asubuhi, yatatokea hayo hayo. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: themostati lazima ikae nje, kivulini, mahali penye baridi kuliko kwingine kwote kwenye njia ya mpira.

Niliwaza pia kutengeneza wangu mwenyewe: bomba jembamba la maji ya kunywa, waya wa joto unaojirekebisha, tepu ya alumini ya kusambaza joto, sponji juu. Faida yake ni kubwa. Waya ukifa unabadilisha waya tu, na unaweza kuurefusha hadi juu ya koki. Lakini kila waya una masharti yake kuhusu ni bomba la aina gani unaruhusiwa kufungwa, na nyaya nyingi za mabomba zimekusudiwa bomba lililotulia mahali pamoja, si kitu kinachokunjwa na kusafirishwa. Nimeliacha hilo kwa mpira mkuu. Kwenye koki nitalirudia.

Umeme: maoni ya shemeji

Shemeji yangu ni fundi umeme, akapita jioni. Nikamwonyesha picha za mipira miwili niliyobakiza. Wa kwanza ni wa 40 chini ya sifuri, watti 180. Wa pili ni wa 29 chini ya sifuri, watti 90.

“Shemeji, kwenye huu wa kwanza taa iko wapi?”

Haina taa. Wa pili una kitaa kidogo kwenye plagi kinachoonyesha kwamba umeme umefika.

“Basi usiku wa manane utatokaje nje ujue kama unafanya kazi? Utaushika kwa mkono?”

Hoja hiyo ilinigusa kuliko watti zote. Akaendelea na hesabu ya mzigo. Karavani yetu inapokea ampia 30 kwa volti 120, yaani watti 3,600. Hita ya chumba inakula 1,500, elementi ya kupashia maji ya kuoga 1,440. Hapo tumefika 2,940 kabla ya taa, chaja ya betri na birika. Watti 90 si kitu, ni chini ya ampia moja, lakini zikiongezwa juu ya mzigo uliojaa, maikrowevu ikiwashwa breka (swichi ya usalama inayokata umeme mzigo ukizidi) inaanguka na mpira unalala bila umeme. Suluhisho lake: mpira usichomekwe kwenye karavani kabisa. Nguzo nyingi za umeme za kambini zina soketi ya pembeni yenye breka yake. Mpira uende huko.

Hilo likaleta swali ambalo boksi halilisemi kwa herufi kubwa: plagi iko ncha ipi? Mpira wa watti 180 una plagi upande wa karavani tu. Ule wa watti 90 unaweza kugeuzwa, plagi ikakaa upande wowote, kwa kuwa una adapta ya kubadilisha ncha dume na jike. Kwa nguzo iliyo karibu na koki, huo wa pili unatufaa zaidi.

Soketi lazima iwe na kinga ya uvujaji wa umeme, ile inayokata mara moja mkondo unapopotea ardhini. Katika mfumo wa Marekani hukata kwenye miliampia 5 hivi. Ulaya kinga ya kawaida ni miliampia 30. Zile za miliampia 5 ni nyepesi kukasirika: unyevu kidogo kwenye kiungio cha plagi unatosha. Kwa hiyo plagi inainuliwa kutoka ardhini na kufunikwa kwa kisanduku kisichoingiza mvua, na waya wake unaning’inia chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili maji yadondoke pale pinde ilipo badala ya kuufuata hadi ndani.

Jambo jingine kwa wanaoagiza kutoka mbali: mpira wa volti 120 usichomekwe kwenye volti 230. Nguvu haizidi mara mbili tu, inazidi karibu mara 3.7, na hita ya watti 90 inageuka ya watti 330 ndani ya mpira uleule. Thredi, yaani meno ya kuskurubia kiungio, nazo hazifanani. Mipira ya Marekani hutumia thredi ya robo tatu inchi yenye meno 11.5 kwa inchi. Thredi ya mabomba ya Kiingereza ya ukubwa uleule ina meno 14. Zitashikana mzunguko mmoja, utadhani zimekubali, kisha zitavuja.

Maji ya kunywa

Hili nimelimaliza haraka. Mpira uandikwe kwamba ni wa maji ya kunywa, na kwa bidhaa za Amerika Kaskazini natafuta alama ya kiwango cha NSF/ANSI 61. Viungio vya shaba ya manjano viwe vile vinavyohesabiwa kuwa havina madini ya risasi. Sheria ya Marekani tangu mwaka 2014 inaweka kikomo cha wastani wa asilimia 0.25 ya risasi kwa sehemu zinazogusa maji. Na maji yaliyolala usiku kucha ndani ya mpira unaopashwa tutayaachia yapite kwanza kabla ya kujaza birika. Yana ladha ya plastiki, hata ya mpira mzuri.

Ununuzi

Tumechukua ule wa watti 90.

Ncha mbili

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na sijutii hata kidogo. Ukiutazama mpira wenyewe utaona umefunikwa vizuri kwa sponji, lakini sentimita chache kabla ya kila ncha sponji inaisha na chuma kinatokeza. Shaba ya manjano inapitisha joto mara mamia kuliko plastiki. Kila ncha basi inavuta joto la maji na kulimwaga hewani, na waya wa joto haufiki pale. Baada ya ncha kuna koki, nayo ni chuma kitupu kilichopandwa kwenye ardhi iliyoganda.

Tena pana kitu cha kuelewa kuhusu koki za kambi za baridi. Zile ndefu zinazosimama, zenye mkono wa kuinua, valvu yake iko chini ya ardhi mahali ambapo baridi haifiki. Ukizifunga, maji yaliyobaki kwenye bomba la juu yanashuka na kutokea kwenye tundu dogo huko chini. Ni ubunifu mzuri, lakini unafanya kazi koki ikiwa imefungwa na hewa inaweza kuingia. Ukiufunga mpira na kuiacha koki wazi usiku kucha, bomba lote la juu linabaki limejaa maji kama bomba lingine lolote. Ukiifunga huku mpira umejaa na umeunganishwa, hewa haiingii na maji hayashuki. Kuiacha nusu wazi ni kubaya zaidi, kwani maji yanapenya kwenye lile tundu na kulowesha udongo unaoizunguka. Kwa hiyo koki yenye mpira wa hita inafunguliwa mpaka mwisho, na bomba lake la juu linapashwa.

Kwa kazi hiyo nimetumia waya mfupi wa joto unaojirekebisha, ulioandikwa kwamba ni wa mabomba ya nje. Nimeuzungusha kuanzia usawa wa ardhi hadi juu ya koki, ukavuka kiungio na kuingia juu ya mpira mpaka pale sponji ya kiwandani inapoanzia, bila kuuendeleza juu ya sehemu yenye hita. Kama ningetumia waya wa nguvu isiyobadilika nisingeruhusiwa kuulaza juu yake wenyewe popote. Juu ya waya ni sponji ya bomba, na juu ya sponji mfuko usiopenya maji, kwa sababu sponji iliyolowa haizuii kitu.

Upande wa karavani tundu liko wazi ubavuni, kwa hiyo nimelitengenezea kifuniko cha sponji chenye mkato wa kupitisha mpira. Ndani ya kisanduku cha huduma joto la gari linatosha.

Regyuleta ya presha, kifaa kinachopunguza presha ya maji, imenisumbua kidogo. Desturi ni kuifunga kwenye koki ili ilinde kila kitu kinachofuata, mpira ukiwemo. Lakini ni donge la chuma lenye nafasi ndogo ndani, nalo linaganda upesi. Nimepima presha ya koki kwa geji, nikalinganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye mpira, na kwa kuwa tofauti ilikuwa kubwa nimeihamisha ndani ya kisanduku cha huduma. Mahali ambapo presha iko juu, ingelazimu ibaki kwenye koki na ivingirishiwe waya wa joto. Kichujio cha nje kimeondolewa kabisa. Lile kopo la plastiki hupasuka kabla hujajua limeganda.

Majaribio uani

Kwanza themostati. Hewa ilikuwa ya wastani, kwa hiyo hita ilikuwa imezima na mita ya umeme ikisoma sifuri. Nikafunga mfuko wa barafu kuzunguka themostati na kusubiri. Baada ya muda mita ikaruka hadi karibu na watti 90, na kitambo kidogo baadaye mkono ukiwekwa juu ya sponji ulisikia vuguvugu jepesi katikati ya mpira. Nikaondoa barafu, ikazima. Ninapendekeza jaribio hili kwa kila mtu, siku mpira unapofika, wakati bado unaweza kurudishwa dukani. Kitaa cha plagi kinathibitisha umeme umefika, lakini hakithibitishi kwamba waya wa ndani ni mzima.

Kisha tukapata usiku wa nyuzi 9 chini ya sifuri, wenye upepo. Nilibandika vipimajoto viwili, kimoja chini ya sponji katikati ya mpira na kimoja kwenye pete ya shaba upande wa koki. Katikati kilisoma nyuzi 8. Kwenye pete, kabla ya kuwasha waya wa koki, kilisoma nyuzi 1 na kilikuwa bado kinashuka. Nilipowasha waya na kurudisha sponji, pete ikapanda hadi 6 na kutulia hapo. Laiti ningejiridhisha na mpira peke yake, usiku ule ungeisha vibaya kwenye kipande kisichozidi urefu wa kidole.

Asubuhi nikajaribu kuumwaga na kuukunja. Ukiwa na umeme bado unapinda. Ukizimwa na kuachwa kwenye baridi unakuwa kama chatu aliyeshiba, haukubali kwenda popote. Utaratibu wetu utakuwa hivi: funga koki, fungua bomba moja ndani ya gari kutoa presha, fungua ncha zote mbili, inua mpira kuanzia ncha moja na kutembea nao hadi nyingine maji yote yaishe, ukunje ungali na uvuguvugu, na plagi ichomolewe kabla mkunjo wa kwanza haujafanyika.

Hali ilivyo sasa

Mpira, waya wa koki na kisanduku cha plagi vimepangwa kwenye kreti moja. Nimeongeza washa (pete za kuzibia viungio) za akiba, kwa sababu zile za mpira laini hukakamaa kwenye baridi na kuvuja tone kwa tone, na tone hilo likiganda juu ya sponji linajenga donge linalofunika plagi. Nimeweka pia kengele ya halijoto yenye kihisio kwenye pete ya shaba na skrini ndani, itakayolia ikishuka chini ya nyuzi 2. Shemeji anasema ni kuzidisha. Atalala kwake, mimi nitalala ndani ya karavani.

Tangi la ndani tutalijaza siku ya kwanza na kulilinda lijae muda wote, ili umeme wa kambi ukikatika tufunge koki, tumwage mpira na kuhamia kwenye pampu bila haraka. Kinachofuata ni upande wa maji taka: bomba la kutolea halina hita, kwa hiyo valvu ya maji ya kuogea itabaki imefungwa mpaka tangi lijae, kisha yamwagwe yote kwa mkupuo. Yakiachwa yachuruzike kidogo kidogo yanaganda safu juu ya safu mpaka bomba lizibe. Nimepima mteremko wake leo mchana na hautoshi. Kesho natafuta vigingi vya kuliinua upande wa gari.